Ngozi kavu ya mbwa: mafuta ya samaki hayatibu upele

Ngozi kavu ni ipi hasa?

Ni ngozi inayotoa mba mweupe, zaidi mgongoni karibu na mkia, huku manyoya yakiwa makavu, hayang'ai na yanakatika ovyo. Pitisha kiganja kinyume na manyoya yalivyolala, utabaki na unga mweupe mkononi. Mbwa mwenyewe anakula, analinda, anacheza, na hajikuni, au anajikuna mara moja moja tu. Hilo la kutojikuna ndilo la kushika.

Mbwa wangu ana magamba na anajikuna usiku kucha. Nimwanzishie mafuta ya samaki?

Hapana. Mpeleke akapimwe ngozi kwanza. Wengi wanaoletwa kliniki wakiwa wamebaki ngozi tupu walianza hivyohivyo: mba kidogo, kujikuna kidogo, na mwenye mbwa akakimbilia dukani kununua chupa ya vidonge vya mafuta.

Upele huletwa na wadudu wadogo mno wanaochimba ndani ya ngozi. Huanzia kwenye kingo za masikio, viwiko, vifundo vya miguu ya nyuma na tumboni. Shika ukingo wa sikio, ukunje na kuusugua kwa vidole kwa sekunde chache. Mguu wa nyuma wa upande huo ukianza kujikuna hewani, shuku upele. Kliniki watakwangua ngozi kwa wembe, waiweke kwenye kioo pamoja na tone la mafuta, waitazame kwa hadubini. Wakati mwingine wadudu hawaonekani ingawa wapo, kwa hiyo mtaalamu akiamua kuanza tiba kwa dalili tu, usimbishie.

Si bora nijaribu mafuta kwanza, yakishindikana ndipo niende?

Si bora. Mafuta ya samaki huhitaji wiki 6 hadi 8 ndipo yaonyeshe kazi. Katika wiki hizo upele umeshaenea mwili mzima, bakteria wameingia kwenye vidonda, mbwa wengine wa nyumbani wameambukizwa, na watoto wanaomkumbatia wametokwa na vipele vinavyowasha mikononi na tumboni. Mbwa anayejikuna anapimwa kwanza. Virutubisho vinasubiri.

Na oili chafu? Jirani alipaka, mbwa akapona.

Usipake. Wala dizeli, wala mafuta ya taa. Oili iliyotoka kwenye injini inapenya ngozi iliyochubuka, na mbwa anairamba usiku kucha, ini na figo vinaumia. Mafuta ya taa yakimwingia kwenye mapafu anapata nimonia. Tafadhali, acheni kabisa jambo hili.

Basi virutubisho vinamfaa nani?

Mbwa asiyejikuna, aliyekaguliwa akakutwa hana upele, kupe wala viroboto, na ambaye chakula chake ni ugali mtupu au uji wa pumba na masalia ya mezani. Ngozi na manyoya hutumia sehemu kubwa ya protini anayokula mbwa kila siku, na ugali hauna ya kutosha. Pia hauna mafuta ya kutosha ya aina ya omega-6, ambayo ndiyo yanayozuia maji yasitoroke kwenye ngozi. Pumba nazo zina kitu kinachoshika madini ya zinki tumboni, yasifyonzwe. Mtoto wa mbwa anayelishwa pumba na kuongezewa unga wa mifupa au chokaa ili "akaze mifupa" anaweza kuota magamba magumu kuzunguka macho na mdomo na kwenye nyayo. Huyo naye usimnunulie vidonge vya zinki kwa kukisia, maana vikizidi humtapisha na kuvunja chembe nyekundu za damu. Punguza pumba, ondoa chokaa, mpeleke kliniki.

Kwa wengi, dawa ya kwanza iko jikoni: dagaa waliooshwa mchanga na kuchemshwa bila chumvi wala kitunguu, na yai lililoiva. Kisha mafuta ya alizeti, kijiko kimoja cha chai kwa kila kilo 10 za uzito, kila siku, juu ya chakula kilichopoa. Yasiwe yaliyokwisha kukaangia chipsi. Mafuta ya nazi hayajazi pengo hili. Omega-6 yake ni kidogo mno.

Mafuta ya samaki ni kiasi gani?

Soma lebo, jumlisha EPA na DHA, yaani aina mbili za mafuta ya omega-3 zilizomo kwenye mafuta ya samaki. Kidonge cha miligramu 1000 kwa kawaida kina takriban miligramu 300 za hizo mbili. Mbwa wa kilo 10 humtosha vidonge viwili kwa siku, wa kilo 25 vinne. Anza na kimoja, ongeza polepole kwa wiki mbili. Akiharisha, rudi nyuma. Akitapika na kukunja mgongo kwa maumivu ya tumbo, acha na umpeleke siku hiyohiyo. Kama anasubiri upasuaji, mwambie daktari, kwa kuwa mafuta haya yanaweza kuchelewesha damu kuganda.

Mafuta ya ini la samaki si hayohayo?

Siyo. Yana vitamini A na D nyingi, zinazolimbikizana mwilini zikaumiza mifupa na figo. Vidonge vya vitamini vya binadamu pia viacheni: vingine vina madini ya chuma kupita kiasi, na vile vya kutafuna huweza kuwa na zailitoli, sukari mbadala inayoua mbwa.

Namwogesha kila wiki kwa sabuni ya unga, bado ana mba.

Hiyo sabuni ndiyo inayomkausha. Tumia shampuu ya mbwa, mara moja kwa mwezi, na umsuuze mpaka maji yatoke safi.

Nikijua ni upele, nimchome sindano ya ng'ombe mwenyewe?

Hapana. Sindano hiyo ni ya ivamektini, dawa ya kuua wadudu, na ile ya ng'ombe huwa na miligramu 10 katika kila mililita, na mbwa wa kilo 10 huhitaji sehemu ndogo tu ya mililita moja. Wanaokisia kwa macho huishia kuleta kliniki mbwa anayetetemeka, haoni, hasimami. Mbwa wa jamii ya koli (mbwa wa kuchunga kondoo), na machotara wao, wanaweza kufa hata kwa dozi inayovumiliwa na wengine. Apimwe uzito, achomwe na mtaalamu, na arudishwe baada ya siku 14, hata kama ameacha kujikuna.