Kabla Hujakopa Ununue Nyundo ya Mashine

Juzi kaja kijana mwingine. Fundi wa kuchomelea, ana banda lake Kizota, kazi yake anaijua. Kanipa shikamoo, nikaitikia, akatoa simu akanionyesha video ya nyundo ya mashine ikibonda pande la chuma kama mtu anakanda unga wa chapati. Yeye na wenzake wanne wana kikundi. Wanataka kuomba ule mkopo wa halmashauri, zile asilimia 4 za mapato yake zinazotengwa kwa vijana, waagize mashine kama ile. "Maana mzee," akasema, "bila hii hakuna anayeweza kufua nyundo wala tindo ya maana. Mikono haina nguvu hiyo."

Wakati anasema hivyo alikuwa ameegemea ukuta wangu wa vifaa. Pameangikwa nyundo, koleo, tindo na vitoboleo, vyote nimefua humu humu kwa mkono. Nikamwonyesha. Akaniuliza nilivinunua wapi.

Sentensi hiyo ya mikono nimeisikia mara nyingi mno, na safari hii kulikuwa na vijana watano wanaotaka kuingia deni kwa ajili yake. Kwa hiyo naandika.

Nyundo ya mashine inapandisha na kushusha uzito mkubwa, upesi, bila kuchoka. Mwenye oda ya majembe 100 anaihitaji na sitabishana naye, inaokoa muda na mabega. Lakini kijana hakutaja muda wala mabega. Alisema haiwezekani. Ndani ya neno hilo kuna imani kwamba uhunzi ni nguvu, na mwenye imani hiyo hata umpe mashine ataharibu chuma, tena atakiharibu kwa kasi zaidi.

Nchi hii ilifua chuma kabla ya umeme. Kule Ufipa walijenga matanuri ya udongo marefu kuliko mtu, wakayeyusha mawe ya chuma, kilichotoka wakakifua majembe. Wahunzi wengi wa kale waligonga kwa mawe juu ya mawe, moto unapulizwa kwa mivukuto ya ngozi ya mbuzi. Majembe yale yalitembea mbali, yalitolewa mahari. Yalifuliwa na mikono kama hii yetu.

Tuje kwenye kazi. Kipande cha sentimita 10 cha hafu shafti ya lori yenye unene wa milimita 45 kina uzito wa kilo 1 na robo hivi. Hiyo ni nyundo nzuri ya mkono mmoja. Kigonge kikiwa chekundu kilichofifia, nyundo inakurudia usoni na mkono unakufa ganzi. Kigonge kikiwa cha njano, kwenye nyuzi joto 1,100 hivi, kinakwenda kama ugali uliosongwa ukakaza. Chuma ni kile kile na mkono ni ule ule. Karibu kila niliyemwona akishindwa kufua kwa mkono alikuwa anagonga chuma kilichopoa, kisha analaumu misuli yake.

Hapa nitakaa, kwa sababu ndipo panapoudhi. Watu husema "pasha hadi kiwe chekundu" kana kwamba wekundu ni mmoja. Sisi tuko Dodoma. Saa sita mchana, mwezi wa kumi, jua halina huruma, na chuma cha nyuzi 800 ukikitoa nje kinaonekana cha kijivu kama kimezimika. Fundi anadhani hakijaiva, anakirudisha, anaongeza upepo, na safari ya pili kinatoka kinarusha cheche nyeupe kama fataki. Hicho kimeungua. Ukikigonga kinamomonyoka, na hakuna dawa zaidi ya kukata sehemu ile ukaitupa. Mtu huyo huyo akifanya kazi saa moja jioni, chuma cha nyuzi 800 kinang'aa hadi anaona kimeiva kupita kiasi, anakigonga kikiwa baridi, na mpasuko unaanza ambao atauona wiki ijayo.

Kwa hiyo jiko langu liko chini ya bati, upande wa magharibi nimeangika magunia, na kando ya fuawe, lile pande la chuma ninalogongea juu yake, nimelaza debe tupu ubavuni. Nikiwa na shaka naingiza ncha ya chuma ndani ya debe, kwenye giza, nasoma rangi humo. Debe ni lile lile asubuhi na mchana, giza lake halibadiliki. Halinigharimu kitu, na kati ya vifaa vyangu vyote ni la mwisho ambalo ningekubali kuliuza. Kijana alinisikiliza kwa adabu, akaniuliza bei ya mashine bandarini.

Ukishasoma rangi, unene nao una sheria yake. Pande la milimita 45 likiwa la njano nje, ndani bado ni jekundu. Liache ndani ya makaa, punguza upepo, subiri joto liingie hadi moyoni. Asiyesubiri anabonda ngozi tu: pembeni chuma kinatanuka, katikati hakijasogea, na ncha inakunja mdomo kama kikombe. Ukiona mdomo ule kwenye kazi yako, ni haraka yako iliyofanya hivyo.

Makaa yangu ni ya miti, mgunga nikiupata, nimevunja vipande vya ukubwa wa yai la kanga. Mapande makubwa yanaacha nafasi, upepo unapita na kupoza chuma chako. Makaa ya mawe ya Ngaka au Kiwira ni mazuri na yanakaa muda mrefu, ila ya miti ni masafi na moto wake unatosha kabisa, hata kuunguza chuma. Asikudanganye mtu.

Kitu cha pili ni kilicho chini ya nyundo. Wengi hapa wanalaza kipande cha reli juu ya tofali, wanagonga, reli inaruka, wanasema mikono ni dhaifu. Reli iliyolala ina shingo nyembamba katikati, inanesa na kula pigo lako. Isimamishe wima. Zamisha mguu wake kwenye gogo au pipa la mchanga ulioshindiliwa, gonga kwenye ncha ya juu. Uso unakuwa mdogo, lakini nyundo hailali popote isipokuwa kwenye chuma chako, na uzito wote wa reli umenyooka chini ya pigo. Ni badiliko la asubuhi moja na utaona tofauti kwenye pigo la kwanza. Halafu, tafadhali, usinunue reli kwa mtu anayekuuzia gizani. Miundombinu ya reli ni mali ya umma, hilo ni shauri la polisi, na kuna treni zinazopita juu yake. Pande zito la chuma chakavu lenye risiti linafaa vilevile.

Uzito wa nyundo nao. Kijana anayekuja kujifunza anakimbilia ya kilo 3. Ukizidisha uzito mara mbili kwa mwendo ule ule, pigo linaongezeka mara mbili. Ukizidisha mwendo mara mbili, linaongezeka mara nne. Nyundo ya kilo 1 na nusu unayoweza kuirusha vizuri siku nzima inashinda ile ya kilo 3 unayoinyanyua kwa kuguna. Pakihitajika uzito kweli, kama kwenye kutoboa tundu la mpini, namwita mpigaji mwenye nyundo ya kilo 4 au 5, mimi naonyesha mahali kwa nyundo ndogo, yeye anapiga nilipogusa. Watu wawili wanaoelewana ndiyo mashine yangu.

Tundu lenyewe nataka ulione kwa karibu. Pande limeiva njano hadi moyoni. Naliweka, nasimamisha kitoboleo katikati, mpigaji anapiga mara tatu. Nakitoa, nakichovya majini, narudi. Kabla ya kukirudisha nadondosha vumbi la makaa tunduni. Linawaka, linatoa gesi, na gesi inazuia kitoboleo kisinase. Mara tatu tena, majini tena. Ukipitisha mapigo sita bila kupoza, ncha ya kitoboleo inalainika, inavimba ndani ya tundu kama uyoga, na hapo umepoteza vyote viwili. Ukifika karibu na chini, mlio unabadilika, unakuwa mkavu. Geuza pande haraka. Upande wa pili utaona doa jeusi kwenye wekundu, kubwa kama ukucha wa kidole gumba. Ni pale chuma kilipobaki chembamba, kikapozwa na fuawe chini na kitoboleo juu. Doa linadumu sekunde chache tu. Weka kitoboleo juu yake, sogeza pande kwenye tundu la fuawe, pigo moja, na kidonge cha chuma kinadondoka chini kikiwa cha moto. Mwanafunzi anayeliona doa lile kwa mara ya kwanza anaacha kuzungumzia nguvu.

Baada ya hapo ni kupanua kwa chuma chenye umbo la yai, kutoka pande zote mbili, ili tundu libane katikati na liwe pana kwenye midomo yote miwili. Ndiyo maana mpini ukipigwa kabari hauchomoki.

Koleo nitapita haraka. Fua koleo zako za kwanza kwa nondo, usizichovye majini zikiwa nyekundu, endelea mbele. Mabomba yenye rangi ya fedha ya kuzuia kutu usiyaweke motoni kabisa, moshi wa zinki unakuangusha kwa homa usiku. Vaa miwani.

Kukaza chuma kuna upotoshaji wake. Kila wiki nauliziwa tindo ya nondo iliyochovywa majini "ikawa ngumu." Kaboni ndiyo inayofanya chuma kikubali kukazwa, na nondo ya kawaida inayo kidogo mno. Ichovye majini, mafutani, maziwani, haitashika makali ya kukata chuma. Springi ya lori inashika, ina kaboni karibu asilimia 0.6. Pia kugonga sana chuma cha moto hakukishindilii kikawa kizito au kigumu zaidi. Kinachokaza ni joto sahihi na kasi ya kupoa. Nina sumaku iliyofungwa kwenye waya: chuma kikiacha kuivuta, kwenye nyuzi 770 hivi, naongeza joto kidogo tu, kisha nachovya.

Hapa lazima niseme ukweli ambao vitabu havina haja ya kuusema, kwa sababu vitabu vinaanza na chuma chenye jina. Mimi naanza na chuma cha gereji. Hafu shafti mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kuwa na tabia mbili. Kuna niliyoichovya majini ikatoka salama, na iliyofuata ikalia "tik" ndogo ndani ya maji, na kwenye uso wa nyundo niliyoifua nusu siku pakawa na ufa mwembamba kama unywele. Siku hizi nakata kipande kidogo kwanza, nakikaza, nakivunja kwenye jiliwa na kutazama ndani. Punje zikiwa laini kama unga wa sembe, joto langu lilikuwa sawa. Zikiwa kama sukari, nilizidisha. Kikipasuka majini, kazi yote naikaza kwa oili iliyopashwa kidogo. Hata hivyo bado napoteza baadhi. Tena huwa napasha kazi na kuiacha ipoe polepole mara 3 kabla ya kuikaza. Nawajua mafundi wanaofanya mara 1 na nyundo zao zinadumu. Zile mara 2 za ziada siwezi kuapa kwamba zinasaidia, ila sijathubutu kuziacha.

Ikishakazwa, uso wa nyundo ni mgumu na una hatari, unaweza kuruka kibanzi kikaingia jichoni. Naung'arisha kwa jiwe, napasha kile chuma cha kupanulia hadi chekundu, nakiingiza kwenye tundu la mpini, na kungoja. Rangi zinatoka tunduni zinatambaa kuelekea kwenye uso: buluu mbele ya tundu, mbele yake zambarau, mbele yake kahawia, na mbele kabisa rangi ya nyasi kavu. Nyasi kavu ikifika ukingoni na kahawia ikianza kuifuata, naizamisha. Tundu linabaki laini lisipasuke, uso unabaki mgumu. Kazi hii mashine haiigusi kabisa, na ndiyo inayoamua kama umetengeneza nyundo au pande la chuma lenye tundu.

Kijana alirudi jana bila kikundi chake. Amebeba hafu shafti begani, kainunua kwenye chuma chakavu, risiti mfukoni. Nimemwambia aje kesho saa kumi na mbili asubuhi kabla jua halijapanda, aje na mpigaji, na mpini wa mkole uliokauka vizuri, maana mbichi utalegea ndani ya wiki. Fomu ya mkopo bado anayo. Sijamwambia aichane. Nimemwomba aijaze baada ya kuliona doa jeusi.