Barua ya kukubaliwa si siku ya malipo

Wengi wetu tunaoishi Marekani tunaamini kwamba ombi la mafao ya ulemavu likishakubaliwa, malimbikizo yote huingia benki kwa mkupuo, yakihesabiwa tangu siku ya kuugua. Sivyo, na imani hiyo imewaponza watu walioahidi kodi ya nyumba kwa fedha ambazo hazijafika.

Katika SSDI, yaani bima ya ulemavu kwa waliofanya kazi na kuichangia, miezi 5 kamili ya mwanzo kwa kawaida hailipwi: aliyepata ulemavu Januari 10, 2024 huanza kustahili Julai. SSI, ambayo hutolewa kwa wenye kipato kidogo, hailipi chochote cha kabla ya ombi, na malimbikizo yake yakiwa makubwa hugawanywa hadi mafungu 3, yanayopishana kwa miezi 6. Hata hivyo, mwenye deni la chakula, malazi au matibabu anaweza kuomba fungu la kwanza au la pili liongezwe, haki ambayo nasikitika kuona wenye shida hawaambiwi mapema. Anayestahili yote mawili husubiri zaidi, kwa kuwa hesabu ya SSI hutangulia ili asilipwe mara mbili kwa miezi ileile.