Majani kwanza: maswali na majibu kuhusu kulisha farasi

Farasi wangu anatafuna majani kutwa. Si ni nafuu nimpe nafaka nyingi asubuhi na jioni, ashibe mara moja?

Atashiba, kisha ataugua. Tumbo la farasi, yaani ule mfuko unaopokea chakula, ni dogo kuliko mwili wake unavyoonyesha: kwa mnyama wa kilo 500 hubeba lita 8 hadi 15 tu. Limeumbwa lipokee haba na haba. Akiachiwa malishoni, farasi hula kwa muda wa saa 10 hadi 17 katika siku moja.

Jambo la pili ni asidi. Tumboni mwa farasi asidi humwagika usiku na mchana, awe amekula au hajala. Kinachoipoza ni mate, na mate yake hutoka pale tu anapotafuna. Kilo moja ya majani makavu humchukua karibu dakika 40 kuitafuna. Kilo moja ya nafaka huisha kwa dakika 10 hivi. Kwa hiyo anayekula nafaka nyingi na majani machache hutoa mate kidogo, na aliyefungiwa bandani na hori tupu tangu magharibi hadi alfajiri hukesha huku asidi ikimchoma. Vidonda vya tumbo huanzia hapo.

Mbona ng'ombe anakula pumba na nafaka na hapati shida hiyo?

Ng'ombe hucheua, farasi hacheui. Ng'ombe huyachachusha majani mwanzoni, kabla ya utumbo. Farasi huyachachusha mwishoni, kwenye utumbo mpana, ambako vijidudu vingi mno huyavunja na kumpa nguvu. Wanga wa nafaka unatakiwa uishe kwenye utumbo mwembamba. Ukimlisha kupita kiasi, unaobaki huteremka mpaka kwa vijidudu wale, unachacha kwa kasi, asidi inapanda, vijidudu wazuri wanakufa na sumu inaingia kwenye damu. Matokeo huwa msokoto wa tumbo, au laminaitisi: ule ugonjwa wa kwato unaomfanya farasi asimame ameegemea nyuma, miguu ya mbele ameinyoosha, asitake kupiga hata hatua.

Tena farasi hawezi kutapika. Kilichoshuka kooni hakirudi, ndiyo maana kosa la sahani moja kwake ni zito kuliko kwa wanyama wengine.

Nitajuaje kiasi cha kumpa?

Anza na uzito wake. Kama huna mizani kubwa, chukua futi ya kamba ya fundi cherehani. Zungusha kifuani, nyuma tu ya viwiko na mabega, farasi akiwa amesimama sawa na ametoa pumzi. Kisha pima urefu, kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako. Zidisha kifua kwa kifua, zidisha kwa urefu, gawanya kwa 11,880. Farasi mwenye kifua cha sentimita 180 na urefu wa sentimita 165 anakuwa na kilo 450 hivi.

Farasi mzima anahitaji chakula kikavu cha asilimia 1.5 hadi 2.5 ya uzito wake kwa siku. Majani peke yake yasishuke chini ya asilimia 1.5. Kwa huyu wa kilo 450, hiyo ni karibu kilo 7 za majani makavu kama kiwango cha chini kabisa, na kilo 9 ndizo zinazomfaa zaidi. Majani mabichi yana maji mengi, kwa hiyo uzito wake lazima uwe mkubwa zaidi.

Nasisitiza mizani. Kopo la mahindi na kopo la pumba yanajaa sawa kwa macho, lakini uzito wake uko mbali kabisa. Pima mara moja kila chakula unachotumia, andika, ubandike karatasi ukutani karibu na hori.

Basi nafaka nisimpe kabisa?

Farasi wengi wenye kazi nyepesi hawaihitaji, wakipata majani mazuri, maji na madini. Wanaohitaji nyongeza ni wenye kazi ngumu, jike anayenyonyesha na mzee aliyepungukiwa na meno. Ukitoa, usizidishe nusu kilo kwa kila kilo 100 za uzito wake katika mlo mmoja, na chini ya hapo ni salama zaidi. Chakula kipya, hata majani mapya, kiingize polepole kwa siku 10 hadi 14 ili wale vijidudu wazoee.

Pumba za ngano zinastahili onyo la peke yake, kwa sababu watu huzitoa kwa mapenzi. Zina fosforasi inayozidi kalsiamu mara kadhaa. Farasi anataka kalsiamu iwe sawa na fosforasi au izidi, hadi mara mbili. Ikipungua, mwili hunyonya kalsiamu ya mifupa yake wenyewe. Mifupa ya uso huvimba, na farasi huanza kuchechemea bila jeraha lolote. Nyasi kadhaa za nchi za joto nazo zina oksalati, zinazoifunga kalsiamu isitumike. Lusini, jani la malisho la jamii ya kunde, ina kalsiamu nyingi na husaidia kurudisha uwiano.

Chakula cha kuku kimebaki. Nimpe?

Hapana. Vyakula vingi vya kuku na vya ng'ombe hutiwa dawa iitwayo monensini. Kiasi ambacho kuku anakivumilia bila tatizo humharibu farasi misuli ya moyo na kumwua, na sumu hiyo haina dawa ya kuiondoa. Hata kuchotea magunia yote kwa koleo lile lile ni hatari: vumbi la chakula cha kuku lisikaribie hori la farasi.

Na majani yenye ukungu kidogo?

Fungua robota, ingiza mkono katikati, vuta shada na ulinuse. Majani mazuri yananukia utamu na yana ukijani kiasi. Yakitoa vumbi jeupe, yakiwa na joto ndani au harufu ya kuoza, yatupe. Mahindi yenye ukungu ni mabaya zaidi: sumu ya kuvu wake huozesha ubongo wa farasi.

Maji na chumvi je?

Maji safi yasikatike. Farasi wa kilo 500 aliyepumzika penye ubaridi hunywa karibu lita 25 kwa siku. Joto na kazi huweza kuongeza mara mbili. Anayekula majani makavu bila maji ya kutosha huziba utumbo. Chumvi ya kawaida, gramu 30 hivi kwa siku, humtosha asiyetoka jasho jingi. Jiwe la kulamba ni jema, ila wengine hawalilambi vya kutosha.

Anakula vizuri lakini anakonda. Kwa nini?

Chungulia chini ya hori. Ukikuta vidonge vya majani vilivyosokotwa, vimelowa mate na kutemwa, tatizo ni meno. Meno ya farasi huendelea kuchomoza maisha yake yote na hutokeza kingo kali zinazokata mashavu. Yakaguliwe angalau mara moja kwa mwaka. Kama meno ni mazima, pima minyoo kwenye kinyesi. Mpapase mbavu kila wiki: vidole vizihisi kwa urahisi, ila macho yasizione.

Amegoma kula na anajitazama ubavuni. Nifanye nini?

Chukulia kuwa ni msokoto wa tumbo. Dalili nyingine ni kuparua ardhi, kutoka jasho, kulala na kuinuka, kugaagaa, kutotoa kinyesi. Ondoa chakula chote na mwite daktari wa mifugo hapo hapo, usisubiri asubuhi. Usimnyweshe mafuta wala dawa kwa chupa. Inaweza kuingia mapafuni. Wakati unamngoja, tayarisha majibu ya yale atakayouliza: amekula nini tangu jana, kuna chakula gani kilichobadilika, mara ya mwisho kunya ilikuwa saa ngapi na maji kwenye ndoo yamepungua kiasi gani.