Chanjo ya HPV haifungi kizazi

Timu ya chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi, inapofika shuleni, mara nyingi uvumi huwa umeshaitangulia: mabinti wanafungwa kizazi. Hofu hiyo ni ya miaka mingi, na mzazi anayeuliza anastahili kujibiwa kwa heshima.

Ndani ya kichupa hakuna kirusi hai. Kuna protini inayofanana na ganda la nje la kirusi cha HPV, ganda tupu lisilo na vinasaba, hivyo haliwezi kuzaliana wala kuambukiza. Mwili hulitambua na kutengeneza kinga. Mfuko wa uzazi na mayai haviguswi.

Kinachoweza kuondoa kizazi ni saratani yenyewe ya mlango wa kizazi. Ikishakomaa, matibabu huwa ni kutoa mfuko wa uzazi au mionzi. Wanawake wengi wa vijijini hufika hospitali wamechelewa, ingawa kipimo cha mapema ni chepesi: mhudumu hupaka siki hafifu kwenye mlango wa kizazi na kuangalia kama panatokea mabaka meupe.

Ndiyo maana utafiti wa Mwanza unanipa moyo sana. Wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 waligawiwa dozi moja, mbili au tatu; miaka miwili baadaye, karibu wote waliopata moja walikuwa na kingamwili. Tanzania, iliyoanza na dozi mbili mwaka 2018, ilihamia dozi moja mwaka 2024. Safari moja ya zahanati inatosha, na ni bure.

Aliyechanjwa bado apimwe ukubwani, kwa kuwa chanjo haizuii aina zote za HPV.