Kompyuta ikiganda kisha ikagoma kuwaka, usikimbilie kufomati

Nikiletewa kompyuta ya mezani inayoganda, mara nyingi mwenyewe ameshaifomati, ameshaweka Windows upya, pengine na picha za familia zimekwenda na maji, na tatizo bado liko palepale. Huwa inaniuma, maana dalili zilikuwa wazi tangu mwanzo. Kuganda peke yake kunaweza kuletwa na programu, dreva mbovu (programu inayoendesha kifaa) au virusi. Lakini kompyuta iliyoganda, ukaizima, ukabonyeza kitufe isiwake, au feni zikazunguka huku skrini imebaki nyeusi tii, hiyo haiumwi Windows. Wakati huo Windows bado haijaanza kusomwa kutoka kwenye diski. Mashine ingali inajikagua: umeme, prosesa (ubongo wake), RAM (kumbukumbu ya muda), kadi ya video. Tafuta huko.

Ikiganda tena, kabla hujaizima kwa nguvu bonyeza Caps Lock. Taa yake ndogo ikiwaka na kuzima, mfumo bado uko hai na huenda ni picha tu iliyokwama. Bonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B ili dreva ya kadi ya video ianze upya. Taa isipobadilika, mashine imesimama yote. Tazama pia taa ya diski: ikiwaka mfululizo bila kupepesa, iweke diski kwenye orodha ya washukiwa. Baada ya hapo shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 4 au zaidi mpaka izime.

Sasa imekataa kuwaka. Chomoa waya wa umeme ukutani, shikilia kitufe cha kuwashia kama nusu dakika, subiri kidogo, kisha rudisha waya. Hatua hii ina sababu yake. Pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, huendelea kutoa volti 5 za kusubiri hata kompyuta ikiwa imezimwa, na ikigundua hitilafu hujifunga. Kufuli hiyo mara nyingi haiachii mpaka umeme wa ukutani ukatwe. Kompyuta ikiwaka baada ya hapo, usishangilie mapema. Umepata kidokezo, bado hujapata dawa.

Swali ninalomuuliza kila mteja ni hili: ikikataa, je, huwaka ikishapumzika na kupoa? Akijibu ndiyo, naanza na joto na umeme. Fungua kasha, puliza vumbi, hakikisha feni ya prosesa inazunguka na kipoza joto kimekaa imara juu yake. Krimu iliyo katikati yao ikikauka, joto halipiti vizuri. Hata hivyo prosesa za kisasa hujilinda: zikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi hupunguza kasi zenyewe, na hali ikizidi kompyuta huzima ghafla. Kwa hiyo kompyuta inayopungua kasi halafu ikazima inanielekeza kwenye prosesa. Inayoganda ghafla, kisha ikagoma kuwaka mpaka ipoe, inanifanya niishuku zaidi pawa saplai, au sehemu ya ubao mama (ubao mkuu unaobeba vifaa vyote) inayolisha prosesa umeme.

Pawa saplai inadanganya watu wengi kwa sababu feni yake inazunguka, basi wanadhani ni nzima. Feni kuzunguka kunathibitisha tu kwamba kuna umeme kiasi. Pima kwa multimita: laini ya volti 12 inatakiwa iwe kati ya 11.4 na 12.6. Ipime kompyuta ikiwa na kazi nzito, maana pawa saplai iliyochoka huweza kuonyesha 12 kamili ikiwa imetulia, kisha ikaporomoka prosesa na kadi ya video zinapodai umeme mwingi. Njia ya uhakika kuliko zote ni kuazima nyingine unayojua ni nzima ukaifunga. Lakini usiifungue yenyewe kamwe kama hujafunzwa. Kapasita za ndani, yaani vifaa vinavyohifadhi umeme, zinaweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa waya, na umeme huo unaua.

Wengine hufungua kumbukumbu za matukio za Windows, wakakuta Kernel-Power namba 41, wakakimbilia kununua pawa saplai. Ujumbe huo unasema tu kwamba kompyuta ilizimika bila utaratibu. Hata wewe ukiizima kwa kushikilia kitufe, utaandikwa.

Upande wa RAM, kazi ni ya mikono. Chomoa umeme, gusa chuma cha kasha ili kutoa umeme tuli mwilini, toa RAM zote, safisha meno yake ya rangi ya dhahabu kwa kifutio laini, kisha rudisha moja tu mpaka usikie klipu zimebana. Jaribu ya kwanza, halafu ya pili, badilisha na nafasi. Kompyuta ikiwaka, endesha Memtest86+, programu ya kupima RAM, kutoka kwenye fleshi na uiache ifanye kazi usiku kucha. Kosa hata moja likitokea, usilipuuze.

Betri ya CR2032, ile ya duara kama sarafu kwenye ubao mama, haipaswi kukuchukulia muda: kama saa hurudi nyuma kila ukichomoa umeme, weka mpya. Kama kuna aliyeongeza kasi ya RAM au prosesa, rudisha mipangilio ya kiwandani ya BIOS, programu ya ubao mama inayoiwasha kompyuta.

Bado kimya? Punguza mashine mpaka ibaki na ubao mama, prosesa na kipoza joto chake, pawa saplai na RAM moja. Diski zote nje, kwa sababu diski mbovu inaweza kukwamisha hata hatua ya kujikagua. Ikiwaka, rudisha kimoja kimoja. Isipowaka, toa na ile RAM ya mwisho, uwashe tena. Ubao wenye spika ndogo ukilia milio ya kulalamika, ni habari njema: ubao na prosesa vinafanya kazi. Ukinyamaza na pawa saplai umeshaithibitisha, kagua kapasita zilizovimba vichwa na pini zilizopinda kwenye soketi ya prosesa. Prosesa kufa ni nadra. Mimi hapo naulaumu ubao.

Na kabla ya kuamua kutengeneza au kutupa, ichukue ile diski uliyoitoa, iunganishe na kompyuta nyingine kwa adapta ya USB, unakili faili zako. Ikiwa imefungwa kwa BitLocker, ulinzi wa Windows unaofunga data za diski, utaombwa ufunguo wa tarakimu 48, ambao mara nyingi huwa umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta.