Kila Bobini na Uzi Wake

Fundi anapoanza kupanga nyuzi zake, jambo la kwanza linalomjia ni rangi: nyekundu kwa nyekundu, buluu kwa buluu, mpaka rafu ipendeze kutazamwa. Mimi hushona kanzu na mabuibui hapa Lamu, na kwangu rangi huja mwisho. Kwanza hutenga nyuzi kwa asili yake, kisha kwa unene, na ndani ya mafungu hayo ndipo hupanga rangi, kwa sababu mishono mingi niliyoletewa niifumue haikuharibiwa na rangi, bali na uzi wa juu kutopatana na uzi wa bobini, kile kigurudumu kidogo kinachobeba uzi wa chini wa cherehani.

Chukua kanzu ya pamba iliyoshonwa kwa uzi wa poliesta juu na uzi wa pamba chini. Siku anayokabidhiwa mwenyewe inapendeza, lakini ikishafuliwa mara kadhaa uzi wa pamba hurudi kidogo, ule wa poliesta hubaki na urefu wake, na mshono wa kifuani ukaanza kujikunja kwa namna ambayo pasi haiwezi kuinyoosha. Rayoni, ambayo wengi huinunua kwa ajili ya darizi kwa vile inang'aa, ina tabia yake pia: ikilowa hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake, kinyume cha pamba, ambayo ikilowa huzidi kuwa imara. Kwa hiyo bobini za rayoni huziweka mbali kabisa na bobini za mishono ya kwapa na mabega.

Unene husomwa kwenye lebo ya koni ya uzi, na hapo pana mtego. Namba ya tiketi kadiri inavyopanda ndivyo uzi unavyokuwa mwembamba, hivyo tiketi 120 ni uzi wa nguo za kawaida na tiketi 75 ni mnene zaidi. Viwanda vingine huandika tex, yaani uzito kwa gramu wa mita 1,000 za uzi huo, na huko namba kubwa ndiyo uzi mnene. Mtu asiyesoma vizuri huweka tex 40 na tiketi 40 katika kikapu kimoja akidhani ni ndugu, kumbe tex 40 inakaribiana na tiketi 75, na tiketi 40 ni uzi wa jinzi na makochi.

Lebo hiyo hiyo mara nyingi hubeba namba ya mkupuo wa rangi, ambayo wengi huitupa pamoja na karatasi ya plastiki. Koni mbili za rangi moja zilizotiwa rangi katika mikupuo tofauti huweza kupishana kidogo, na kwa nguo nyeupe kupishana huko huonekana zaidi ya mtu anavyotarajia. Nyuzi nyingi nyeupe hutiwa dawa ya kung'arisha, ambayo hupokea miale ya jua isiyoonekana kwa macho na kuitoa kama mwanga wa buluu. Ndani ya duka, chini ya taa, nyuzi mbili nyeupe huonekana sawa. Mteja akitoka nazo juani, moja inang'aa na nyingine inaonekana ya manjano. Maulidi ya Mfungo Sita yanapokaribia na kanzu zikaanza kulundikana, bobini nyeupe isiyojulikana imetoka koni gani haina thamani kwangu, hata ikiwa imejaa.

Ndiyo maana bobini yangu hailali mbali na uzi ilikotoka. Kwa vidonge vidogo vya uzi nimesimamisha njiti za chelewa kwenye kipande cha ubao uliotobolewa. Kidonge hushuka kwanza, bobini yake hukaa juu yake, na ukiinua kimoja unakutana na kingine. Kwa koni kubwa, bobini huingia katika mfuko mdogo wa plastiki unaofungwa kwenye shingo ya koni. Ncha za uzi wa bobini, ambazo ndizo zinazogeuza droo kuwa kiota, nazizuia kwa pete za mpira wa maji ulio laini: unakata kipande chembamba, unakipasua upande mmoja, kinaikumbatia bobini. Usitumie utepe wa gundi, maana gundi hubaki kwenye uzi na joto la pwani huiyeyusha.

Mwenye cherehani zaidi ya moja azitenge bobini kwa mashine pia. Cherehani nyeusi za Butterfly na Singer za aina ya 15 hutumia bobini yenye upana wa milimita 20 hivi na kimo cha kati ya 11 na 12, nyuso zake zikiwa bapa. Singer za aina ya 66 hutaka bobini yenye nyuso zilizobinuka, na kwa jicho la haraka hazitofautiki sana na zile. Tone la rangi ya kucha pembeni, rangi moja kwa kila mashine, linamaliza ubishi huo.

Bobini huweza pia kuharibika kabla haijawekwa. Uzi wa poliesta ukizungushwa kwa kasi na kwa kukazwa hunyooka, kisha hujaribu kurejea urefu wake ukiwa ndani ya bobini. Bobini ya plastiki hutanuka ikagoma kuzunguka katika kesi yake, yaani kikombe kinachoishika ndani ya cherehani, na uzi unaotoka humo hukunja mshono. Jaza polepole, kwa mwendo ule ule mwanzo hadi mwisho, na usimamishe kabla uzi haujafika ukingoni. Ijaribu kwa kidole gumba: tabaka liwe imara lakini lisiwe gumu kama jiwe. Wala usijaze rangi mpya juu ya mabaki ya rangi ya zamani, maana uzi hubadilika katikati ya pindo bila kukupa taarifa.

Kuhusu mahali pa kuweka, mji wetu una ubishi wake. Zidaka, vile vishubaka vya ukutani, ni pazuri mno na mgeni akiona nyuzi zimepangwa humo hatakosa kupiga picha, lakini kuta za mawe ya matumbawe hunyonya maji na chumvi, na pamba katika hewa ya kawaida hubeba unyevu wa takriban asilimia 8 ya uzito wake wakati poliesta haifiki asilimia 1. Bobini ya chuma iliyovikwa uzi wa pamba na kuachwa kidakani msimu wa kusi huweza kutoa kutu, na kutu hiyo ikafika kwenye kanzu. Mimi hufunga nyuzi za pamba katika ndoo za plastiki zenye kifuniko, nikizifunga siku kavu ya kaskazi na si katikati ya masika, kwani ukifunga unyevu ndani umeualika ukungu. Humo huweka vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyopatikana katika masanduku ya viatu; chembe zake zikishajaa maji hazina kazi mpaka zikaushwe katika joko la nyuzijoto 120 kwa saa 2 hivi. Nyuzi za poliesta hubaki rafuni, mbali na dirisha, zikifunikwa kitambaa kuzuia vumbi na jua.

Uzi uliokaa muda mrefu hupimwa kwa mikono: kata urefu wa dhiraa, uvute taratibu, ukikatika kwa kishindo bado ni mzima, ukiachia bila kupinga na kutoa vumbi umeoza, na bobini yake iondolewe pamoja nao. Mabaki mazima lakini mafupi mno kwa mshono wa mashine huenda kwenye kopo la kupigia bandi, ile mishono ya muda, ambako rangi zikichanganyika hakuna hasara.