Kokpiti ya skrini: acha ifie kwanza kwenye simuleta

Mzazi akija hapa uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, kuulizia mafunzo ya urubani, swali la kwanza ni ada, la pili ni hili: saa za simuleta, ile mashine ya kuigiza kuruka, zinahesabiwa? Ni swali la haki. Petroli ya ndege ni ghali na kila dakika injini inaponguruma kuna mtu analipa. Jibu ni kwamba zinahesabiwa, lakini kidogo. Kiwango cha chini cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kwa leseni ya rubani binafsi ni saa 40 za kuruka, au 35 ukisoma kwenye kozi iliyoidhinishwa, na mamlaka ikikubali saa za simuleta, zisizidi 5. Ukifika kwenye kibali cha kuruka kwa ala, yaani kwa kutegemea vipimo bila kuona nje, mlango unafunguka zaidi: kati ya saa 40 za ala, 20 unaweza kuzifanya ardhini, au 30 kama mashine ni simuleta kamili.

Mzazi akisikia 5 anakunja uso. Anaona simuleta haitampunguzia gharama, basi ya nini? Mimi namwambia simuleta hatuiweki kwa ajili ya kupunguza saa. Tunaiweka kwa sababu ndege za siku hizi zina skrini, na skrini haiwezi kuharibiwa vizuri angani.

Nieleze. Cessna 172 ya zamani ina saa sita za mviringo mbele ya rubani: kipima mwendo, upeo bandia (unaoonyesha ndege imeinama vipi), altimita (kipima mwinuko), na wenzao watatu. Mkufunzi akitaka kukufundisha kuruka bila upeo bandia, anachukua kifuniko cha mpira, anakibandika juu ya kioo, basi. Saa moja imekufa, tano zinaendelea, na wewe unahangaika kama inavyotakiwa.

Mwaka 2004 Garmin G1000, mtambo wa skrini za kokpiti, ikaanza kuingia kwenye ndege ndogo, Cessna na Diamond zikiwa mbele. Saa zile zikakusanywa kwenye skrini mbili. Ya kushoto, PFD, inabeba upeo mpana wa bluu na kahawia, utepe wa mwendo upande mmoja, utepe wa mwinuko upande wa pili, na dira chini. Ya kulia, MFD, ina ramani na hali ya injini. Nyuma yake kuna masanduku ambayo mwanafunzi hayaoni: moja linapima mlalo wa ndege (AHRS), moja linahesabu mwendo na mwinuko kutokana na hewa (ADC), mengine yanashika redio na GPS. Kila sanduku linaweza kufa peke yake, na kila kifo kina sura yake. ADC ikifa, mwendo, mwinuko na kasi ya kupanda vinapigwa alama kubwa ya X nyekundu, lakini upeo unabaki. AHRS ikifa ni kinyume chake: upeo na dira vinaondoka, namba zinabaki. Skrini yenyewe ikifa, unabonyeza kitufe chekundu kilicho katikati na ile iliyobaki inabeba kazi za zote mbili.

Sasa bandika kifuniko uone. Ukiziba PFD umefunika kila kitu kwa mkupuo mmoja, jambo ambalo ni aina moja tu ya hitilafu. Ukipunguza mwanga wa skrini mpaka giza, ni hivyo hivyo. Wapo wakufunzi wanaovuta sakiti breka angani ili kuua sanduku moja. Mimi sipendi. Sakiti breka ni kinga, si swichi, na ikivutwa kila wiki huchoka. Isitoshe huwezi kujua kwa uhakika ni nini kingine kinapata umeme kupitia hapo. Kwenye simuleta nachagua ADC kwenye orodha, nagusa, inakufa. Nagusa tena, inafufuka.

Sikuyatoa haya kichwani. Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, mwaka 2010 ilitoa utafiti uliolinganisha ndege ndogo zaidi ya 8,000 zilizotengenezwa kati ya 2002 na 2006, zenye skrini na zenye saa za mviringo. Wengi walitarajia skrini zishinde. Kweli, kwa jumla zilipata ajali chache zaidi, lakini kiwango cha ajali zenye vifo kilikuwa juu zaidi kwenye skrini. Sehemu ya sababu ni matumizi: ndege za skrini zilikuwa zikisafiri mbali na kuingia mawinguni, wakati nyingi za saa za mviringo zilikuwa za shule zikizunguka uwanja. Hata hivyo bodi haikuishia hapo. Ilisema marubani hawafundishwi ipasavyo jinsi mifumo hii inavyofanya kazi na inavyoharibika, ikapendekeza simuleta na vifaa vya mazoezi vitumike, kwa sababu hitilafu nyingi haziwezi kuigizwa salama ndani ya ndege.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote halina X nyekundu hata moja.

Mwanafunzi anapanda kutoka Wilson kuelekea eneo la mazoezi upande wa Kajiado, mwendo wa noti 75 (maili za baharini kwa saa), ndege imetulia. Naziba bomba la pitoti, lile linalopokea hewa ya mbele ili mwendo upimwe, tundu la mbele pamoja na la kutolea maji. Hasikii lolote. Hakuna kengele wala X, kwa maana mtambo hauoni tatizo: ADC ni nzima, inapokea hewa, inahesabu. Ila hewa ile imefungiwa ndani ya bomba, na kadiri ndege inavyopanda hewa ya nje inapungua, kwa hiyo tofauti kati ya hizo mbili inakua na utepe unasoma mwendo zaidi. Akipanda futi 200 tu, ile 75 imekuwa karibu 97. Kwenye futi 500 inapita 120. Kabla hajamaliza futi 1,200 yuko kwenye mstari mwekundu wa mwisho wa Cessna 172, noti 163, huku ndege inaenda polepole vilevile. Na G1000 inapamba uongo: mshale wa zambarau pembeni mwa utepe, ule unaotabiri mwendo utakuwa wapi sekunde 6 zijazo, unarefuka kwenda juu kwa kujiamini kabisa.

Mwanafunzi anafanya nini? Anainua pua ili apunguze mwendo. Ndege inapanda kwa kasi zaidi, utepe unazidi kuruka, anainua tena. Akitazama kipima mwendo cha akiba kilicho chini, cha mviringo, nacho kinakubaliana na skrini neno kwa neno, kwani kwenye 172 vyote viwili vinakunywa bomba lile lile. Mashahidi wawili, uongo mmoja. Mara honi ya kuelekea kuanguka inaanza kulia huku skrini inamwambia anakimbia kupita kiasi, na hapo ndipo nabonyeza kitufe cha kusimamisha.

Ndege imegota hewani. Sasa tunazungumza. Namwuliza pua iko digrii ngapi. Injini iko mizunguko mingapi? Ndege hii, ukiwa na throto yote (nguvu zote za injini) na pua pale, imewahi kwenda noti 140? Halafu namwambia atafute kwenye skrini hizo hizo kitu kisichotumia pitoti. Wengine wanakaa kimya muda mrefu. Mjanja anaiona kasi ya ardhini ya GPS, kule juu ya MFD, inasoma chini sana kuliko utepe. Mjanja zaidi anaona kisanduku cha upepo. Mtambo unapata upepo kwa kulinganisha mwendo wa hewani na wa ardhini. Mwendo wa hewani ukidanganya, kisanduku kinaonyesha upepo wa mbele wa ajabu, siku ambayo mnara umetangaza upepo mwanana. Nimeona sura ikibadilika pale mtu anapoelewa hilo.

Mtu anaweza kusema pitoti kuziba ni mambo ya nchi za barafu. Nyigu wa huku hawajaambiwa. Wanapenda sana matundu ya ndege iliyoegeshwa bila kifuniko. Bomba likiwa limezibwa tangu chini, utamgundua nyigu kwenye njia ya kurukia, kwa sababu ndege inashika kasi na utepe wa mwendo haufufuki. Unafunga throto, unasimama, hadithi imeisha. Ndiyo maana tunamfundisha mwanafunzi atamke kwa sauti kwamba mwendo umeanza kusoma.

Kusimamisha ndege kunafaa pia kwa makosa ya vitufe, na haya ni ya kila siku. La kawaida ni sindano ya kuonyesha njia kuwa ya rangi isiyofaa. Kwenye G1000 sindano ikiwa ya zambarau unafuata GPS. Ikiwa ya kijani unafuata VOR au ILS, mitambo ya redio iliyo ardhini. Mwanafunzi anaweka masafa ya ILS ya njia ya kurukia ya 06 ya uwanja wa JKIA kwa mkono, anasahau kubonyeza kitufe cha kubadili chanzo, kisha anaifuata sindano ya zambarau kwa utiifu mkubwa, inayompeleka kwingine. Ukimrekebisha angani una sekunde chache, huku mwongoza ndege anaita na wewe unatafuta ndege nyingine kwa macho. Kwenye simuleta nasimamisha, naketi, nauliza neno moja: rangi? Baada ya muda wanajiuliza wenyewe.

Vipi wanaokuja wakiwa wamefanya mazoezi nyumbani? X-Plane na Microsoft Flight Simulator zote zina G1000 nzuri, na kijana wa miaka 18 anaweza kunizidi kasi ya vidole kwenye ukurasa wa mpango wa safari. Namkaribisha kwa mikono miwili, kisha nashughulikia macho yake. Amezoea kuirusha skrini. Miguu imelala, trimu (inayoondoa uzito kwenye usukani) kwake ni namba, na dirisha ni mapambo. Wilson kuna ndege za shule, za watalii wa Mara, za miraa, helikopta, zote kwenye anga finyu. Asiyetazama nje ni hatari kwetu sote. Dawa yake iko ndani ya ndege: siku ya hewa safi, vilima vya Ngong vinaonekana, nazima mwanga wa skrini zote mbili na kumwachia upeo wa Mungu na saa tatu za akiba. Somo mbili za namna hiyo na shingo inaanza kugeuka. Kwa sababu hiyo hiyo, kabla mtu hajaruka peke yake sitaki saa nyingi za simuleta. Vitufe na orodha za ukaguzi, ndiyo, kuirusha, hapana. Simuleta ya mezani haina uzito kwenye usukani, na kujifunzia trimu pale ni kama kuendesha baiskeli isiyo na mnyororo.

Jambo dogo ambalo shule nyingi zinalisahau ni kuihamishia mashine nyumbani. Nyingi zinakuja zimewekewa viwanja vya Marekani, karibu na usawa wa bahari, na altimita ya inchi za zebaki. Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu. Ukifundisha kwenye uwanja wa pwani ya Florida, mwanafunzi anajenga picha ya ndege inayopanda kwa furaha, kisha saa nane mchana hapa, joto limepanda na mko wawili na mafuta, anashangaa mbona haiondoki. Weka Wilson, weka joto la kweli na altimita ya hektopaskali badala ya inchi, na umfundishe kupunguza mafuta kwenye mchanganyiko wa hewa na mafuta kabla ya kuruka.

Anayechagua shule au anayetaka kununua kifaa, akaulize maswali haya. Je, inaweza kuua ADC peke yake na AHRS peke yake, au ina kitufe kimoja tu cha kuzima skrini? Inaweza kuziba pitoti bila kuonyesha onyo? Na vitufe ni vya kushikwa, au unabofya kwa mausi? Kile kitufe cha kuzungusha cha tabaka mbili, kubwa nje na dogo ndani, kina mkanganyiko wake, na hewa ya mchana ikianza kutikisa ndege hutakipata kama kidole hakijakizoea. Aulize vilevile toleo la programu, kwa sababu menyu zimehamahama kati ya matoleo, na linalotakiwa ni lile lililo kwenye ndege atakayofanyia mtihani.